Wimbo si kachumbari ya tamthilia: Funzo la Kamiriithu

Mnamo Machi 12, 1982, malori matatu ya polisi waliojihami kwa silaha yalifika katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru. Polisi hao hawakuja kumsaka mwizi wala kuzima ghasia. Walikuja kubomoa ukumbi wa michezo ya kuigiza. Ulikuwa ukumbi usio na paa, wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 2,000, uliojengwa na wanakijiji wenyewe: wakulima, vibarua wa mashamba ya majani chai na wafanyakazi wa viwandani. Siku moja kabla, serikali ilikuwa imekipiga marufuku kituo cha elimu na utamaduni ambacho ukumbi huo ulikuwa mali yake.

Kisa hiki kimeandikwa mara nyingi, na huenda, msomaji wangu, unakijua. Ninachotaka kukijadili leo ni swali ambalo aghalabu hurukwa. Ni nini hasa kilichoitia serikali hofu? Wengi hujibu kwa kutaja maudhui: ardhi, unyonyaji, usaliti wa uhuru. Jibu hilo lina kasoro. Maudhui hayo hayo yamejaa katika Petals of Blood, riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iliyochapishwa mwaka 1977. Riwaya hiyo ilizinduliwa jijini Nairobi Julai mwaka huo, na aliyeizindua alikuwa Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Kabla mwaka haujaisha, mwandishi yule yule alikuwa mikononi mwa polisi.

Wengine hujibu kwamba tofauti ilikuwa lugha. Riwaya ilikuwa ya Kiingereza, ikasomwa na wachache. Mchezo wa Kamiriithu ulikuwa wa Kikuyu, ukaeleweka na wengi. Jibu hili ni zito na Ngugi mwenyewe alilitetea maisha yake yote. Naliafiki, ila nalo halitoshi. Mwaka 1980 Ngugi alichapisha Caitaani Mutharaba-ini, riwaya aliyoiandikia gerezani juu ya karatasi za chooni, ambayo tunaijua kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Ni ya Kikuyu, na inawakejeli matajiri waziwazi kuliko hata mchezo uliotangulia. Hata hivyo iliuzwa na kusomwa, tena kwa sauti katika baa na matatu. Ni kweli kwamba Matigari ilikuja kukamatwa madukani mwaka 1987, lakini hiyo ni miaka mitano baada ya jukwaa la Kamiriithu kusawazishwa na ardhi.

Mimi nadhani kuna kitu cha tatu ambacho hatujakipa uzito wake. Mchezo wa Kamiriithu uliimbwa. Haukuwa mazungumzo yaliyopambwa kwa nyimbo mbili tatu. Ulikuwa tamthilia ya muziki kwa maana kamili ya maneno hayo. Na sanaa hiyo ina nguvu ambazo riwaya haina, na ambazo tamthilia ya maneno matupu haina pia.

Neno lenyewe

Tukiita sanaa hii "tamthilia ya muziki" tunakuwa kama watu wanaotafsiri jina la kitu cha wageni. Mara moja mawazo yanakimbilia New York na London, kwenye kumbi za mabilioni na okestra ya watu wengi. Lakini hebu tuisikilize lugha yetu kidogo. Kwa Kiswahili, anayesakata densi anacheza, na anachofanya mwigizaji jukwaani kinaitwa mchezo. Kitenzi ni kimoja. Nalo neno ngoma ni ala inayopigwa, ni mdundo unaotoka humo, ni densi inayochezwa, na ni hafla yenyewe watu wanakokusanyika. Waliounda msamiati huu hawakuona sababu ya kutenga chumba cha uimbaji na chumba cha uigizaji.

Historia ya pwani inathibitisha hilo. Katika ngoma ya gungu, malenga walifumbiana kwa beti, na aliyefumbiwa alitakiwa kufumbua papo hapo, kwa wimbo, mbele ya watu. Huo ni mgogoro wa kidrama kamili: wahusika wawili, fumbo, na hadhira inayongoja kuona nani ataaibika. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walizua ngoma ya beni. Waliiga bendi za kijeshi za wakoloni, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na kushindana mtaa kwa mtaa. Beni ilienea hadi Tanganyika, ikazaa vyama vya Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, maana aliona kwamba mle ndani ya tarumbeta na sare mlikuwa na jamii nzima iliyokuwa ikijadiliana kuhusu utawala, hadhi na usasa.

Kwa hivyo tukisema tamthilia ya muziki, tusidhani tunaazima. Tunachokosa ni jina lililokubalika. Mazoea yenyewe tunayo.

Oktoba 1976

Kuna kisa kilichotangulia Kamiriithu ambacho kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: jinsi tamthilia ya muziki ya kigeni ilivyopewa nafasi ya heshima, na jinsi wimbo wa wenyeji ulivyogeuka kuwa kosa.

Oktoba 1976, vikundi vya Kenya vilikuwa vikijiandaa kwenda tamasha la FESTAC mjini Lagos na michezo miwili: The Trial of Dedan Kimathi, iliyoandikwa na Ngugi pamoja na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Vilitaka kuigiza kwanza nyumbani, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi. Vikaambiwa nafasi ni finyu. Ukumbi ulikuwa umeahidiwa wengine, wakiwemo wachezaji wa baleti kutoka Ufaransa na kundi lililokuwa likiandaa A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, kichekesho cha nyimbo cha Marekani ambacho muziki wake ulitungwa na Stephen Sondheim. Michezo ya Kenya ikabanwa katika siku chache tu. Yaani ukumbi wa taifa uliojaa nyimbo za Broadway ulikuwa na uhaba wa nafasi kwa ajili ya kisa cha Kimathi.

Lakini tazama kilichotokea kisa hicho kilipoigizwa. Wimbo wa mwisho ulipoanza, watazamaji hawakuketi kupiga makofi. Waliinuka, wakaungana na waigizaji, wakatoka nje ya ukumbi wakiimba na kucheza kuelekea upande wa hoteli ya Norfolk, ng'ambo ya barabara. Polisi waliwazuia. Ngugi alikisimulia kisa hiki baadaye alipokuwa akijadili vita vya nani anamiliki jukwaa. Mimi nakisoma kwa jicho la fundi. Hotuba ya mhusika, hata iwe kali vipi, huishia jukwaani kwa sababu mwenye kuisema ni mmoja. Wimbo una kiitikio, na kiitikio ni mlango uliowachwa wazi. Mtazamaji akishaitikia, amekwisha kuwa mhusika.

Kamiriithu yenyewe

Mwaka huo huo wa 1976, wanakijiji wa Kamiriithu walikuwa wamemshika Ngugi asiwape nafasi ya kupumua. Walitaka awasaidie kufufua kituo chao cha vijana. Kijiji chenyewe kilikuwa zao la hali ya hatari ya miaka ya 50, wakati serikali ya kikoloni ilipowahamisha watu kwa nguvu na kuwakusanya katika vijiji. Kituo kilianza na madarasa ya ngumbaru. Mafunzo yaliposhika, wanafunzi wale wazee kwa vijana wakataka mchezo wa kuigiza. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii wakapewa kazi ya kuandika muhtasari, na Kimani Gecau akawa mwelekezi. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Ngaahika Ndeenda, inayojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda.

Kisa si kigumu. Kiguunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu ya ardhi. Hatimiliki yake ameitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Tajiri Ahab Kioi na mkewe Jezebel wanamjia na dini mkononi: yeye na mkewe Wangeci wafunge harusi ya kanisani, wasiendelee kuishi katika dhambi. Harusi inahitaji pesa. Pesa zinakopwa benki. Rehani ni ile hatimiliki. Mwishowe ardhi inakwenda, na msomaji hahitaji kuambiwa inakwenda kwa nani.

Ukisoma muhtasari huu unaweza kusema ni mahubiri tu ya kisiasa. Nyimbo ndizo zinazoufanya uwe kitu kingine. Hata jina la mchezo limetoka katika wimbo wa mlevi anayepita njiani. Mna nyimbo za kanisani, nyimbo za wapiganiaji uhuru, nyimbo za kazi na nyimbo za harusi. Sehemu ya harusi inatumia gitiiro, mtindo wa zamani wa Wakikuyu wa kujibizana kwa nyimbo katika sherehe za ndoa. Waandishi wawili wasomi hawakuwa na ujuzi wa gitiiro. Aliyewapa maneno, neno kwa neno, ni mama wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika.

Tafakari maana ya jambo hilo. Katika mazungumzo ya kawaida, mwandishi ndiye bwana: yeye ndiye aliyekwenda shule, na mwigizaji anakariri. Wimbo ulipoingia, mamlaka yalipinduka. Wazee waliwasahihisha wasomi hatua za ngoma, maneno ya beti, namna ya kuitikia. Mazoezi yalifanywa hadharani, kila mpita njia akiwa na ruhusa ya kutia neno. Mchezo ulipofunguliwa rasmi Oktoba 2, 1977, kijiji kizima kilikuwa tayari kinaujua, kikiuimba mashambani na njiani. Novemba 16 leseni ikafutwa. Mwishoni mwa mwaka Ngugi akakamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti hadi Desemba 1978.

Serikali ingeweza kufuta leseni ya mchezo. Isingeweza kufuta leseni ya wimbo ambao mtu anaupiga mbinja akikama ng'ombe.

Wimbo unaojibiwa

Hapa naona ni haki nikabili hoja moja inayoweza kuniangusha. Kama wimbo una nguvu kiasi hicho, mbona nyimbo nyingi za kisiasa nchini mwetu ni za kumsifu mkubwa? Wenye umri wangu wanazikumbuka zile kwaya kubwa za sikukuu za kitaifa enzi za Nyayo. Sauti zilikuwa tamu, mipangilio ya hali ya juu, na watoto wa shule walizijua zote kwa moyo. Serikali iliyovunja Kamiriithu haikuuchukia wimbo. Iliupenda mno, mradi uwe wake.

Naam, wimbo wenyewe hauna dhamiri. Unaunganisha watu, na watu wanaweza kuunganishwa kwa lolote. Ndipo tunapoona kazi ya tamthilia. Tamthilia huupa wimbo mpinzani. Kwaya ya sikukuu huimba peke yake, hakuna wa kuijibu, na kikiisha ni makofi. Ndani ya Ngaahika Ndeenda, wimbo wa waumini wanaochangisha pesa za kanisa unakutana na wimbo wa mfanyakazi anayehesabu jasho lake. Sauti tamu inasutwa na sauti nyingine tamu. Mtazamaji anapendezwa na zote mbili kisikio, kisha analazimika kuamua ipi ya kweli. Hapo hawezi kujificha nyuma ya utamu wa muziki.

Nikiulizwa nitaje kwa sentensi moja uwezo wa sanaa hii, ningesema hivi: wimbo huwawezesha watu wengi kusema kwa pamoja bila kuwa kelele, na tamthilia huwazuia wasiseme kwa pamoja bila kufikiri. Kila upande unaponya udhaifu wa mwenzake. Watu kumi wakizungumza jukwaani kwa wakati mmoja huelewi lolote. Wakiimba unaelewa kila neno. Lakini watu kumi wakiimba jambo moja bila wa kuwapinga, hiyo ni gwaride.

Mchezo uliozuiwa kabla haujaanza

Kundi la Kamiriithu lilirudi na kazi ya pili, Maitu Njugira, yaani Mama Niimbie. Kisa chake kilihusu miaka ya 30 chini ya ukoloni, wakati wa kipande na sheria za kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Safari hii nyimbo, ngoma na uigizaji bubu ndivyo vilivyobeba kisa, na mazungumzo yakapungua sana. Tena nyimbo hazikuwa za Kikuyu pekee. Zilichukuliwa kutoka jamii mbalimbali za Kenya. Hili nadhani ni jambo kubwa. Mchezo wa kwanza ulihitaji mtu anayejua Kikuyu. Wa pili uliweza kufuatwa hata na asiyeelewa kila neno, kwa sababu mdundo, mwili na mwitiko vilimwongoza. Muziki ulikuwa unavuka mpaka wa kabila, mpaka ambao wanasiasa wetu wamekuwa wakiishi kwa kuulinda.

Ulipangwa kufunguliwa katika Ukumbi wa Kitaifa Februari 19, 1982. Leseni haikutolewa, na milango ikabaki imefungwa. Kundi likahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kuendelea na mazoezi. Habari zikaenea, na watu wakafurika kwa maelfu, usiku baada ya usiku, kutazama mazoezi tu, hadi nayo yakasimamishwa. Majuma machache baadaye malori yalielekea Limuru.

Panga sasa kazi hizi nne kwa foleni. Riwaya ya Kiingereza ilizinduliwa na waziri. Riwaya ya Kikuyu iliuzwa madukani. Mchezo wa Kikuyu wenye nyimbo ulichezwa majuma sita ukafungwa. Mchezo ulioimbwa karibu wote haukuruhusiwa hata siku moja, na jukwaa likavunjwa. Sidai kwamba wimbo ndio sababu pekee. Siasa za mwaka 1982 zilikuwa na moto wa kutosha. Nadai tu kwamba kadiri wimbo ulivyozidi ndivyo hofu ilivyozidi, na waliobomoa walielewa sanaa hii kuliko baadhi yetu tunaoifundisha.

Wala si Kenya tu. Nchini Nigeria, Hubert Ogunde aliunda kundi lake mwaka 1945, akazunguka nchi nzima na michezo ya Kiyoruba iliyojaa nyimbo na ngoma. Alipoigiza Yoruba Ronu mwaka 1964, serikali ya jimbo la Magharibi ilimpiga marufuku. Afrika Kusini ilitupa Sarafina! ya Mbongeni Ngema, iliyofunguliwa Johannesburg mwaka 1987, ikaenda Broadway mwaka uliofuata, kisha ikawa filamu mwaka 1992. Wakenya wengi wanaijua filamu hiyo. Wachache hukumbuka kwamba uasi unaosimuliwa, ule wa Soweto wa Juni 1976, ulianza kama mgogoro wa lugha: watoto waliokataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Wanafunzi waliokataa lugha ya kulazimishwa wakahifadhiwa katika kumbukumbu ya ulimwengu na nyimbo.

Na Kiswahili je?

Nimefundisha tamthilia za Kiswahili kwa muda, na kuna swali ambalo wanafunzi huniuliza tunaposoma kwa sauti darasani. Wamegawana wahusika, usomaji umenoga, kisha wanafika mahali palipoandikwa "wanaimba". Kimya. Halafu: "Mwalimu, wimbo tuusome ama tuuruke?" Siwalaumu. Tumewazoesha kwamba wimbo ni mbinu, kipengele cha kuorodheshwa pamoja na taswira na methali ili kupata alama. Tumeufanya kachumbari: kikiwepo ni vizuri, kisipokuwepo nyama italiwa tu.

Waandishi wetu hawakuanza hivyo. Ebrahim Hussein alitia nyimbo katika Kinjeketile mwaka 1969, na baadaye Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini zikaandikwa kwa lugha ya kishairi inayodai sauti ya mghani. Mwaka 1982 Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na Penina Muhando walitoa Harakati za Ukombozi, ambamo nyimbo, ngoma na majibizano ya kishairi ndivyo vinavyosukuma historia mbele. Tatizo ni kwamba vitabu vyetu huchapa maneno ya nyimbo bila sauti zake. Mwandishi alikuwa na lahani kichwani. Msomaji wa Busia au Taveta hana. Anabaki na beti zilizokufa.

Na Kiswahili kimeumbwa kuimbwa. Karibu kila neno linaishia kwa irabu, kwa hivyo sauti ina mahali pa kutua na kurefuka. Tuna desturi ndefu ya mizani inayomfundisha mtunzi kuhesabu silabi. Lakini lugha hii ina sharti moja ambalo mtunzi akilipuuza ataharibu kila kitu: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua neno barabara. Ukikaza silabi ya tatu, unazungumzia njia ya magari. Ukikaza ya pili, umesema kwamba jambo limefanyika sawasawa. Mtunzi anayechukua lahani ya Ulaya, ambayo mara nyingi hufunga mstari kwa noti nzito juu ya silabi ya mwisho, na kuijaza maneno ya Kiswahili, huwalazimisha waimbaji kusema nyumbaaa pale tunaposema nyuumba. Sikio la mwenyeji linakunjamana hata kama hajui kwa nini. Nyimbo nyingi za kanisa zilizotafsiriwa zina donda hilo. Ndiyo maana tamthilia ya muziki ya Kiswahili haiwezi kuwa tafsiri ya Broadway. Sharti lahani izaliwe na neno, kama ilivyo katika taarabu iliyo bora.

Zamani nilidhani kikwazo ni pesa. Watu huniambia, "Profesa, hiyo ni sanaa ya matajiri. Nani atalipa bendi?" Kamiriithu haikuwa na bendi ya kukodi. Ilikuwa na ngoma, makoo na muda wa jioni. Kikwazo halisi ni jinsi tulivyogawa vyumba. Shule zetu huenda tamasha za drama Aprili na za muziki Agosti. Kwaya bora na waigizaji bora wa shule moja wanaweza kumaliza miaka minne bila kutunga kitu pamoja. Vyuoni, idara ya fasihi na idara ya muziki hukutana kwenye mkahawa tu.

Basi napendekeza mambo matatu, yote ya bei nafuu. Wachapishaji wa tamthilia za Kiswahili waambatanishe rekodi za nyimbo zilizomo. Simu ya mwalimu inatosha kuzicheza. Waandishi wa tamthilia watafute manju wa kushirikiana nao tangu ukurasa wa kwanza, wasisubiri mswada umalizike ndipo wautilie nyimbo. Na walimu wenzangu tusiruhusu wimbo urukwe darasani. Kama sauti ya mwandishi haijulikani, wanafunzi watunge yao. Watagundua wenyewe kwamba maana ya beti hubadilika lahani inapobadilika, na huo ni uhakiki wa kweli.

Tunaweza kudhani kwamba mambo ya 1982 yamepita. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru kuigiza Echoes of War katika tamasha la kitaifa la drama, licha ya vikwazo vingi na baada ya mahakama kuagiza waruhusiwe. Mwelekezi wao alikuwa amezuiwa kuwafikia. Walipanda jukwaani, hawakuigiza. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka. Wimbo huo lahani yake ilitokana na bembelezi ya Wapokomo, iliyotungwa kumlaza mtoto, na tangu 1963 tumeuimba tukiwa tumesimama wima kwa utiifu. Siku ile, neno halikubadilika wala noti haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba uliimbwa juu ya jukwaa, mahali pa mchezo uliozuiwa, na kila aliyeusikia alijua unamjibu nani.